UZI: Rohff, mtoto wa Kingazija wa Vitry. Kilichompandisha kwenye rap ya Ufaransa ndicho kilichomwangusha

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele.

Nyuzi za rap ya Kifaransa humu zimekuwa nyingi, na majina ni yaleyale: MC Solaar na IAM kwa wakongwe, Booba kwa wapenda vita, PNL, Jul na Ninho kwa vijana wa sasa. Rohff akitajwa, anatajwa kwa mstari mmoja: "yule aliyepigana dukani." Basi, mada inahamia kwa mwingine. Huyu ni mtu ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila palipozuka ubishi wa nani anachana kuliko wote Ufaransa, jina lake halikukosekana mezani. Sikubali amalizwe hivyo, na sisi wa mwambao huu tuna sababu ya ziada ya kumjua, kwa kuwa asili yake ni Komoro, kwa jirani zetu kabisa.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mwenye kubisha abishe: Rohff alijengwa na kanuni ya mtaa. Hukubali kudharauliwa, humtupi mwenzako, na tusi halipiti bila jibu. Aliiandika kanuni hiyo vizuri kuliko yeyote wa kizazi chake. Kisha akaendelea kuiishi wakati alipotakiwa awe ameivuka, nayo ikampeleka mahakamani. Wanaosema kwamba kulikuwa na Rohff wawili, mwandishi na mgomvi, wanajipunguzia kazi. Alikuwa mtu yuleyule.

Tuanze na asili. Jina lake ni Housni Mkouboi. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1977 Antananarivo, Madagaska, Bukini ya wazee wetu, katika familia ya Kikomoro. Mwaka huo una uzito. Desemba 1976, mwaka mmoja tu kabla hajazaliwa, mji wa Mahajanga kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho ulishuhudia mauaji ya Wakomoro, mamia kwa mamia, na maelfu ya walionusurika wakarudishwa Komoro kwa meli na kwa ndege za shirika la Ubelgiji, Sabena. Mpaka leo Komoro waliorudi kwa njia hiyo wanaitwa Wasabena. Sisemi familia yake ilipita huko. Nasema kwamba Mkomoro aliyezaliwa Madagaska mwaka 1977 alizaliwa mahali ambapo watu wake walikuwa wameambiwa kwa panga kwamba hapo si kwao.

Akiwa bado mtoto akapelekwa Ufaransa, na makazi yakawa Vitry-sur-Seine.

Msiichukulie Vitry kama pembe tu ya Paris. Ipo kusini mwa jiji, mkoa wa Val-de-Marne, namba 94. Mto Seine upande mmoja, viwanda na mitambo ya umeme, halmashauri ya Wakomunisti kwa miongo mingi, maghorofa ya wafanyakazi waliotoka Algeria, Mali, Ureno, Antilles, na baadaye Komoro. Na huko nako ukaribisho ulikuwa na mipaka. Tarehe 24 Desemba 1980, mkesha wa Krismasi, meya wa Vitry, Mkomunisti, aliongoza watu na tingatinga kwenda kuharibu bweni ambalo wafanyakazi wapatao 300 kutoka Mali walikuwa wamehamishiwa. Mtoto aliyekulia hapo miaka ya themanini alikuta hadithi hiyo bado ya moto.

Naendelea chini, msijaze nafasi.

#2 Mleta uzi

Rohff hakuanza peke yake, na usipolielewa kundi hutamwelewa yeye.

Katikati ya miaka ya tisini, vijana wa miji mitatu iliyopakana, yaani Vitry, Orly na Choisy-le-Roi, waliungana chini ya jina moja: Mafia K'1 Fry. Hiyo "K'1 Fry" ni neno "africaine" lililogeuzwa silabi, maana vijana wa Ufaransa hugeuza maneno kama kile kinyume cha watoto wa pwani. Humo ndani kulikuwa na Kery James, wa wazazi wa Haiti, aliyekuwa akiongoza Ideal J. Kulikuwa na 113, yaani Rim'K wa asili ya Algeria, Mokobé wa Mali na AP wa Guadeloupe. Kulikuwa na Intouchable, Manu Key, OGB, Karlito na wengine. Na nyuma ya mashine alikaa DJ Mehdi, kijana wa asili ya Tunisia aliyekuwa akitengeneza midundo ya wakubwa akiwa bado hajamaliza ujana.

Halikuwa kundi kwa maana ya bendi. Lilikuwa watu waliokua pamoja, wakala pamoja, na wengine wakafungwa jela kwa nyakati tofauti. Mmoja wao, Las Montana, aliuawa mwaka 1999. Kery James alitikiswa mno na kifo hicho, akaacha muziki, akajikita kwenye dini, kisha akarudi 2001 na albamu ya peke yake aliyoifanya bila ala za nyuzi wala za kupuliza kwa sababu ya imani yake. Hayo ndiyo mazingira aliyokomaa nayo Rohff. Kifo kwenye mistari yake hakikutungwa.

Kuna na jambo la sheria ambalo watu hulisahau. Mwaka 1994 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuzilazimisha redio kupiga asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa, ikaanza kutumika Januari 1996. Waliotunga walikuwa wanaulinda wimbo wa Kifaransa dhidi ya Wamarekani. Redio Skyrock, iliyokuwa ikitafuta vijana, ikaangalia ni Kifaransa gani vijana wanataka kusikia, ikaikuta rap. Ikajitangaza kuwa ya kwanza kwa rap. Ghafla, sauti za Vitry na Sarcelles zikaingia kila gari nchini. Kizazi cha Rohff kilitoka kwenye mlango huo.

Mwaka 1999 ulikuwa mwaka wa 94. Kundi la 113 lilitoa Les Princes de la ville, mikono ya DJ Mehdi ikiwa kila mahali. Mwaka uliofuata wakachukua tuzo mbili za Victoires de la musique, na usiku huo wakapanda jukwaani na Peugeot 504, gari la wahamiaji wanaorudi kijijini na mizigo juu ya paa. Mwaka huohuo wa 1999 Rohff akatoa albamu yake ya kwanza, Le Code de l'honneur. Ndiyo hiyo kanuni ninayoizungumzia, ameiweka juu kabisa ya jalada.

Sikilizeni "Rohff vs l'État" na "Génération sacrifiée". Sauti imekauka, pumzi ndefu, haombi huruma. Vina havikai mwisho wa mstari tu. Anavipanga ndani ya mstari, silabi tatu, nne, zinafuatana na kujirudia, na wewe unapodhani amemaliza anaongeza kipande kingine kabla ya kuvuta hewa. Jina lake lenyewe alilifafanua hivyo: mtunga vina mshambulizi anayeheshimu maudhui na umbo. Wengi wa mtaani walikuwa na kimoja. Yeye alitaka vyote viwili na kwa muda mrefu alivipata.

#3 Mdau wa Unguja

Mleta uzi, umenigusa. Bibi yangu mzaa mama ni Mngazija, na kwetu Rohff hakuwa "rapa wa Ufaransa", alikuwa mtoto wa mtu. Ndugu wa Moroni walikuwa wakija na sidii zake. Kule Komoro wale wanaoishi Ufaransa wanaitwa "Je viens". Wanashuka Julai na Agosti, msimu wa ndoa kubwa, mabegi yamejaa. Nguo za ukoo, dhahabu, simu, na muziki wa watoto wa huko. Hivyo ndivyo nilivyomjua, kabla sijaelewa hata neno moja la Kifaransa.

Wazee hawakumpenda, nisiwafiche. Walisema tumepeleka watoto wasome wametuletea makelele. Lakini jina la Mkouboi kusikika redio ya Paris, hilo waliliona.

#4 Mdau wa Bujumbura

Bujumbura mapema miaka ya 2000 ilikuwa Rohff na 113, kaka. Sisi tulielewa Kifaransa cha shule, lakini kile cha kwake tulikuwa tunakaa chini tunakichambua kama mtihani. Swali langu: kwa nini La Vie avant la mort ndiyo iliyovuma na siyo ile ya kwanza? Mimi ya kwanza naiona kali zaidi.

#5 Mleta uzi

Mdau wa Unguja, asante kwa kuleta hilo la "Je viens", ndilo linaloonyesha nyimbo zilivyosafiri kabla ya intaneti ya kasi.

Mdau wa Bujumbura, jibu ni "Qui est l'exemple?". La Vie avant la mort ilitoka mwishoni mwa 2001, na wimbo huo ukaingia kila redio, kila harusi, kila klabu. Mdundo ni wa kuchezeka. Lakini sikiliza anachouliza: wadogo zetu wanamwiga nani? Anamwangalia kijana wa mtaani anayemtazama muuza unga kama kiongozi, na hajiondoi yeye mwenyewe kwenye lawama. Watu walicheza wimbo wa mtu anayewauliza kama wanastahili kuigwa. Ndipo alipoonyesha kwamba mtaa unaweza kuingia sebuleni bila kuvua viatu.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule albamu ilihitaji nakala 100,000 zilizouzwa ili iitwe ya dhahabu Ufaransa. Sidii halisi, fedha mkononi, kijana anapanda treni kwenda kununua.

Mwaka 2003 Mafia K'1 Fry wakatoa La Cerise sur le ghetto, na video ya "Pour ceux" iliyopigwa na vijana wa kikundi cha watengeneza filamu cha Kourtrajmé, Kim Chapiron na Romain Gavras. Kama hujaiona, iangalie leo. Umati mzima wa mtaa uko mbele ya kamera, kila mtu anataka kuonekana, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kuigiza umaskini. Video nyingi za rap ya mtaani zilizokuja baadaye, huko na hata kwetu, zina deni kwa ile.

Kisha 2004, La Fierté des nôtres, albamu ya sahani mbili. Hapa ndipo ninapoweka kilele chake, na najua wengine watasema 2001. Sababu yangu ni upana. Kwenye albamu moja unamkuta anagombana na dola, anaomboleza, anajisifu, anazungumza na mama, anawapa nafasi wanawake waimbaji, anachekesha. Amejaa. Hakuna aliyekuwa akimwambia apunguze, na safari hiyo haikuhitajika.

#6 Mdau wa Lyon

Salaam wakuu. Mimi niko Ufaransa zaidi ya nusu ya maisha yangu, naomba nitie neno, na si la kumsifu.

Mnaongea kuhusu heshima. Mimi nimelea watoto kwenye ghorofa za namna hiyo. Kanuni hiyo ya heshima inayoimbwa ndiyo iliyokuwa ikiwafanya wavulana wa ngazi yetu wachomane visu kwa sababu ya kutazamwa vibaya tu. Rapa anaandika vizuri, anauza, anahama mtaa. Anayebaki na kanuni ni mtoto wa jirani. Na wasichana wetu hawakuwa na nafasi humo isipokuwa kama mama au kama dada wa kulindwa. Tusiipambe.

#7 Mleta uzi

Dada, nimelisoma neno lako mara mbili na nalikubali sehemu kubwa. Suala la wanawake kwenye rap ile ni kweli na sina cha kulitetea.

Ila kwenye kuhama na kumwachia jirani, Rohff alilijua na aliliandika. Ndiyo maana simweki fungu moja na waliouza picha ya mtaa bila kulipia. Mwaka 2005 ndio unaoonyesha. Juni ile Nicolas Sarkozy, waziri wa mambo ya ndani, alikwenda La Courneuve akasema atausafisha mtaa kwa mashine ya maji ya presha. Oktoba 27 vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, wakafa kwa umeme ndani ya kituo cha transfoma huko Clichy-sous-Bois walikojificha wakiwakimbia polisi. Ufaransa ikawaka moto wiki tatu, serikali ikatangaza hali ya hatari. Na mwezi Novemba wabunge na maseneta karibu 200 wakaunga mkono ombi la kuwashtaki marapa, kana kwamba nyimbo ndizo zilizojenga zile ghorofa na kuzinyima kazi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Rohff akatoa Au-delà de mes limites. Ni albamu ya mtu aliyekuwa juu kabisa kibiashara, ina nyimbo za klabu nisizozipenda hata kidogo, lakini ndani yake kuna ile hasira ya mtu ambaye haoni ajabu yoyote kwamba nchi imewaka, kwa kuwa alikuwa akilisema jambo hilo tangu 1999. Watoa maoni wa televisheni walishangaa. Waliokuwa wakisikiliza 94 hawakushangaa.

#8 Mdau wa Bujumbura

Sawa mkuu, sasa tufike kwa Booba maana ndipo mnapokwepa. Mimi naamini alimshinda, kwisha habari.

#9 Mleta uzi

Sikwepi. Tena hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Booba, wa Boulogne-Billancourt, namba 92, alizaliwa Desemba 1976, mwaka mmoja na siku chache kabla ya Rohff. Alitoka na Ali kwenye kundi la Lunatic, wakatoa Mauvais œil mwaka 2000 bila kampuni kubwa na wakafika dhahabu. Kisha Temps mort 2002, Panthéon 2004, Ouest Side 2006. Wakati huohuo Rohff anatoa zake. Kwa miaka saba au minane hawa wawili walikuwa wanakimbizana bila kugusana sana, na mashabiki ndio waliofaidi.

Mwisho wa 2008 walitoa albamu wiki chache mmoja baada ya mwingine. Booba alitoa 0.9, Novemba, sauti imepitishwa kwenye Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, na wengi walimcheka. Rohff alitoa Le Code de l'horreur, Desemba. Kwa maandishi, kwangu mimi, Rohff alimwacha mbali. Na ukitaka kupima uandishi wake kwa jumla, chukua "Regretté" peke yake. Ni wimbo wa marehemu, wale ambao mtaa unawasifu baada ya kuwazika, na amewaandika kwa upole ambao hukuutegemea kutoka kwa sauti ile. Kuna watu nawajua hawasikilizi rap kabisa, lakini wimbo huo umepigwa kwenye nyumba zao wakati wa msiba.

Ila Booba alikuwa ameelewa jambo ambalo Rohff hakulielewa, au hakulitaka. Aliona kwamba rapa wa miaka ijayo atakuwa jina la biashara kabla ya kuwa mwandishi. Alikwenda kuishi Miami, akawa na nguo zake za Ünkut, akajenga vyombo vyake vya habari, akaitumia mitandao ya kijamii kama uwanja wa vita. Ugomvi kwake ulikuwa sehemu ya kazi: anatukana asubuhi, anauza mchana. Kwa Rohff tusi ni tusi. Aliyelelewa kwenye kanuni ile hawezi kulichukulia kama tangazo la biashara. Kila alipochokozwa mtandaoni, yeye aliumia kweli, akajibu kweli, na kila jibu lilimfanya aonekane mdogo kuliko alivyokuwa.

La Cuenta ikaja 2010, P.D.R.G. 2013, herufi zinazomtangaza kuwa baba wa mchezo mzima. Nasema hili kwa uchungu: mtu aliyeuliza mwaka 2001 nani ni mfano, akafika 2013 anadai kiti. Mistari bado ilikuwa mizito. Mada zilikuwa zimekonda. Na mwaka huohuo Kaaris wa Sevran akatoa Or Noir na kuifungulia trap mlango mpana, mdundo wa polepole, maneno machache, picha kali. Pumzi ndefu za Rohff zikaanza kusikika kama kitu cha jana.

#10 Mdau wa Lyon

Na 2014? Sema.

#11 Mleta uzi

Nasema.

Tarehe 21 Aprili 2014 Rohff alikwenda kwenye duka la Ünkut, eneo la Les Halles katikati ya Paris. Booba hakuwepo. Kukatokea vurugu, wafanyakazi wa duka wakapigwa, na kijana mmoja muuzaji akaumizwa vibaya mpaka akapoteza fahamu na kukimbizwa hospitali. Rohff akawekwa mahabusu. Oktoba 2017 mahakama ya Paris ikamhukumu kifungo cha miaka mitano.

Sina utetezi wa hilo, wala sitautafuta. Yule kijana alikuwa kazini. Hakuandika mstari wowote dhidi ya mtu, hakuwa na ugomvi na mtu, alikuwa anakunja fulana. Kanuni ile inayosema humgusi asiyehusika, yaani kipengele chake bora kabisa, ndicho kilichovunjwa siku hiyo na mtu aliyeiandika. Ndiyo maana nasema tukio lile si ajali iliyomkuta msanii mzuri. Ni mstari ulioanzia 1999. Heshima isiyoweza kumeza tusi, siku moja humpiga aliye karibu badala ya aliyetukana.

Na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba hakuna kilichojifunzwa. Agosti 1, 2018, Booba na Kaaris walipigana na watu wao katikati ya uwanja wa ndege wa Orly, humohumo 94, mbele ya abiria na watoto, chupa za manukato za duka la uwanjani zikirushwa. Wakahukumiwa kifungo cha nje cha miezi 18 na faini ya yuro 50,000 kila mmoja. Kisha wakaanza kutangaza pambano la ulingoni ambalo halikufanyika. Vyombo vya habari viliona burudani.

#12 Mdau wa Unguja

Hapo kwenye kijana wa duka umenyooka, ahsante. Watu wengi wanamtaja Booba na Rohff, wanamsahau aliyelazwa.

Niulize kingine. Kuna Soprano, kuna Alonzo, nao ni Wakomoro, tena wa Marseille. Mbona hao mambo yao yalikwenda kwa utulivu? Ni Marseille au ni malezi?

#13 Mleta uzi

Swali zuri. Soprano, jina lake Saïd M'Roumbaba, na Alonzo, Kassim Djae, walitoka kwenye kundi la Psy 4 de la Rime. Albamu yao ya kwanza, Block Party, ni ya 2002, kipindi kilekile cha Rohff. Nao walianza mtaani, kaskazini mwa Marseille, na Soprano wa mwanzo alikuwa na huzuni nzito kwenye maandishi. Lakini Marseille ina Wakomoro wengi kiasi kwamba kijana hakuhitaji kuthibitisha kuwapo kwake. Vyama vya vijiji vipo, michango ipo, harusi kila wikiendi, shangazi wanakujua. Vilevile mbele yao kulikuwa na IAM, wakubwa waliowaonyesha kwamba unaweza kuzeeka kwenye rap bila kumpiga mtu. Soprano akahamia polepole kwenye nyimbo za familia nzima, na mwaka 2017 akajaza uwanja wa Vélodrome wa mji wake.

Rohff hakuwa na mkubwa wa namna hiyo. Kery James alikuwa karibu umri wake, na alikuwa akipambana na ya kwake. DJ Mehdi alielekea kwenye muziki wa elektroniki, akafanikiwa sana, kisha akafariki kwa ajali Septemba 2011. Kundi lilitawanyika. Mwenye nguvu asiye na mtu wa kumwambia "kaa chini" yuko hatarini, na sisi wote tunawajua wa namna hiyo kwenye koo zetu.

Sisemi Soprano ni bora. Kwa maandishi ya mtaani Rohff yuko juu yake, na nadhani hata wengi wa Marseille watakubali. Nasema mmoja alikuwa na kijiji.

#14 Mdau wa Lyon

Hilo la kijiji nalikubali moja kwa moja. Mwanangu mkubwa alinyooka siku mjomba wake alipohamia jengo letu. Na niseme ukweli mwingine: ana umri wa zaidi ya miaka thelathini sasa, ana watoto, na "Regretté" bado iko kwenye gari lake.

#15 Mdau wa Bujumbura

Mkuu, baada ya hapo alitoa kitu cha maana? Mimi niliishia P.D.R.G.

#16 Mleta uzi

Le Rohff Game ya 2015, halafu Surnaturel ya Desemba 2018. Hiyo ya 2018 usiipuuze. Ilitoka baada ya ile hukumu, wakati PNL na kizazi cha kusikiliza kwa simu wamekwisha kubadilisha kila kitu, na yeye akaja na kitabu kizima cha mistari, kirefu kama kawaida yake. Ina nyimbo nyingi kupita kiasi. Lakini zile bora zinaonyesha kwamba mkono haujafa, na kwamba mtu anayezungumzia watoto wake na uzee ana mengi ya kusema kuliko anayedai kiti.

Kwa asiyemjua kabisa, nashauri aanze hivi. Kwanza "Qui est l'exemple?", usiku mmoja tu, ili aelewe kwa nini nchi nzima ilimjua. Kisha arudi nyuma kwenye Le Code de l'honneur aisikilize yote bila kuruka, ikiwezekana akiwa na maneno yaliyoandikwa mbele yake. Halafu sahani zote mbili za 2004. "Regretté" aiache mwisho. Nyimbo za klabu za 2005 azipite.

Na kwa wale wa Kifaransa cha shule kama alivyosema ndugu wa Bujumbura: msikate tamaa na maneno yaliyogeuzwa. Ni machache tu yanayojirudia. Ukishajua kwamba "meuf" ni "femme" na "keuf" ni polisi, robo ya njia umeshafika.

#17 Mdau wa Unguja

Nimeianza ile ya 1999 sasa hivi, niko wimbo wa tatu. Mama ameingia chumbani akauliza ni nani huyu mbona amekasirika hivi. Nimemwambia ni Mkouboi wa Ngazidja. Amekaa kitako anasikiliza, anataka kujua ni wa mji gani. Mwenye kujua ukoo wake aseme, maana hapa sitapewa nafasi ya kulala.